Kabla ya Roboti, Kidole

Simu zinazonifikia siku hizi kutoka Bondo, Mbita, Homa Bay na mitaa ya Kisumu yenyewe huanza karibu kwa maneno yale yale. "Tumesikia kuna roboti inayotoa saratani ya njia ya haja bila kumpasua mtu. Iko wapi, na ni pesa ngapi?" Anayepiga huwa ni mtoto wa mgonjwa au shemeji yake. Kamati ya harambee imekwisha kuundwa, kundi la WhatsApp lina mweka hazina, pengine ng'ombe wawili wameshatoka bomani. Nami humuuliza swali moja kabla ya kumjibu: kuna daktari aliyevaa glavu akampima mzee kwa kidole?

Mara nyingi hufuata kimya.

Siulizi hivyo kwa sababu naidharau mashine. Roboti ni chombo cha kweli, na nitaieleza hapa chini kadiri ya ujuzi wangu. Nauliza kwa sababu baba yangu mdogo, mvuvi wa Usenge, alitibiwa bawasiri kwa muda wa miezi tisa kwenye kliniki moja ambayo sitaitaja. Alipewa dawa za kupaka, vidonge vya kulainisha choo, na ushauri wa kuacha pilipili. Hakuna aliyemgusa. Siku daktari kijana alipomlaza ubavu akamwingiza kidole, uvimbe ulikuwa pale pale, mgumu, unagusika. Ulikuwa unagusika tangu siku ya kwanza.

Puru, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana kabla ya tundu la haja, ina urefu wa sentimita 15 hivi. Kidole cha daktari hufika karibu nusu yake. Kipimo chenyewe hakimalizi dakika moja: unalala ubavu wa kushoto, unakunja magoti, daktari anapaka jeli. Kinaudhi lakini hakiumizi, na kikikuumiza sana hiyo nayo ni habari ambayo daktari anaihitaji. Ukitaka mtu wa jinsia yako awepo chumbani, sema. Kama huna neno la kuanzia, sema hivi: "Natoka damu nikienda haja kubwa, naomba unipime kwa kidole." Wengi hasa wanaume hukwama kwenye sentensi hiyo. Nimewasikia wakizunguka na "tumbo linanisumbua" mpaka muda wa daktari unaisha, wanatoka na dawa ya vidonda vya tumbo.

Ukikaa kando ya ziwa hili letu, Victoria, damu kwenye choo ina shida ya peke yake, kwa hiyo hapa nitakawia kidogo. Wataalamu wa Nairobi wanapoandika kuhusu damu ya haja, huzungumzia bawasiri na saratani. Sisi tuna kichocho. Vijidudu vya kichocho cha matumbo, ambavyo kwa jina la kitaalamu ni Schistosoma mansoni, huishi kwa konokono wa majini, hutoka na kupenya ngozi ya anayevua, anayefua, anayechota maji, au anayeosha magari ufukweni. Waosha magari wa Kisumu wamefuatiliwa kwa miaka mingi na watafiti wa KEMRI walio Kisian, kwa sababu wao husimama majini kutwa, wakatibiwa, wakarudi majini, wakaambukizwa tena. Vidudu vikishakomaa hutaga mayai kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na mayai hayo yanapojipenyeza kutoka, ukuta wa utumbo huchubuka na damu hutoka. Kwa hiyo mvuvi anayeona damu ana haki ya kufikiria kichocho. Dawa yake, praziquantel, ni nzuri na humezwa kwa siku moja.

Hatari inaanzia hapo hapo. Kwa kuwa kichocho kipo kila mahali, kinageuka kuwa jibu la kila kitu. Mtu anapimwa choo, mayai yanaonekana, anameza dawa, damu inaendelea, anaambiwa ameambukizwa tena. Inawezekana. Lakini mtu huyo huyo anaweza kuwa na kichocho na saratani kwa wakati mmoja, na mayai yaliyoonekana kwenye hadubini hayasemi lolote kuhusu uvimbe. Ameba nayo ni hivyo hivyo. Sijui ni nyumba ngapi ukanda huu zisizo na dawa yake, Flagyl, kwenye droo. Ushauri wangu ni huu: meza dawa ya kichocho au ya ameba mara moja, kwa kipimo kilichoandikwa na daktari. Damu ikiwa bado inatoka baada ya mwezi, usikubali dozi ya pili bila kidole na bila kamera.

Damu ya bawasiri kwa kawaida ni nyekundu, hudondoka au hubaki kwenye karatasi, na huja baada ya choo kigumu. Ile inayonitia wasiwasi huchanganyika na choo chenyewe au na ute. Huambatana na hamu ya kwenda haja ambayo haiishi hata ukishakwenda, au na choo kilichobadilika, chembamba, cha mara kwa mara, kwa wiki tatu au nne mfululizo. Mgonjwa huanza kuchoka akipanda mlima mdogo, au mkanda wake unahitaji tundu jipya. Lakini hata nilichokisema kuhusu damu nyekundu kisikutulize ukiwa umepita miaka arobaini, au ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata saratani ya utumbo. Na vijana pia: kanda yetu ina wagonjwa wa miaka ishirini na thelathini, na hao ndio huchelewa kuliko wote kwa sababu hakuna anayewashuku.

Kuna wanaoniambia huu ni ugonjwa wa wazungu. Wana sababu ya kudhani hivyo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, ng'ambo ya ziwa hili hili, alishangaa kuona jinsi saratani ya utumbo ilivyokuwa adimu katika wodi zake, na mwaka 1971 aliandika akihusisha uadimu huo na chakula chenye makapi mengi. Wakati huo watu walikula ugali wa mtama na wimbi, mboga za kienyeji kama osuga na dek, samaki, maharagwe. Zunguka leo Kondele saa mbili usiku uone kinacholiwa. Wengine husema ni chira, yaani laana ya kuvunja mila. Mila ya mtu sitaikanyaga, ila chira haizuii kupimwa, na mzee anayeheshimu mila anaweza kutakaswa Jumamosi na kupimwa Jumatatu.

Baada ya kidole ni kamera. Kolonoskopi ni mrija mwembamba wenye taa na kamera unaopitishwa njia ya haja, na kipimo hiki kinapatikana Kisumu mjini. Huhitaji kupanda basi la usiku. Siku moja kabla unakunywa dawa ya kusafisha utumbo na unashinda karibu na choo. Daktari akiona uvimbe anakata vipande vidogo, na vipande hivyo ndivyo vinavyoamua. Usikubali mtu yeyote akupangie oparesheni ya saratani, iwe ya mkono au ya roboti, kabla ya majibu ya vipande hivyo kuandikwa kwenye karatasi. Nasisitiza kwa sababu ipo saratani nyingine jirani kabisa, ya tundu lenyewe la haja, ambayo huwapata zaidi watu wanaoishi na virusi vya ukimwi na ambayo kwa kawaida hutibiwa kwa mionzi na kemo pasipo kisu. Tofauti ya sentimita chache, na matibabu ni mengine kabisa.

Kisha picha: MRI ya nyonga kuonyesha uvimbe umezama kiasi gani, na CT ya kifua na tumbo kuangalia kama umefika kwenye ini au mapafu. Hapo ndipo pana swali ambalo familia nyingi hulikosa, na ningependa ulikariri: "Je, kesi hii imejadiliwa na daktari wa mionzi kabla ya upasuaji?" Uvimbe wa puru uliozama au ulio karibu na mpaka ambapo mpasuaji atakata mara nyingi huchomwa kwa mionzi kwanza, kwa siku tano au kwa wiki tano hivi pamoja na kemo, ndipo upasuaji ufuate. Ukipasuliwa kwanza, nafasi hiyo haipatikani tena kwa ubora ule ule. Kwa watu wetu mionzi huwa ni safari ya Eldoret, Nakuru au Nairobi, kwa hiyo panga malazi kabla ya kupanga roboti. Mwanamke ambaye bado anataka kuzaa aseme mapema, kwa maana mionzi ya nyonga hukomesha mayai.

Wapo wachache ambao uvimbe wao hutoweka kabisa baada ya mionzi na kemo. Daktari Angelita Habr-Gama wa São Paulo, Brazil, alionyesha mwaka 2004 kwamba baadhi ya hao wanaweza kuangaliwa tu bila kupasuliwa. Kwa karibu robo yao uvimbe hurudi, wengi ndani ya miaka miwili, kwa hiyo njia hii ni ya mtu atakayerudi kupimwa kila baada ya miezi mitatu bila kukosa. Anayeishi kisiwani Mfangano na kutegemea boti ajipime mwenyewe kama ataweza.

Sasa roboti.

Kitu cha kwanza ambacho watu hushangaa kusikia ni kwamba haifanyi uamuzi wowote. Mashine inayojulikana zaidi, da Vinci, iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 2000. Daktari huketi pembeni chumbani humo humo, macho yake kwenye kioo kinachomwonyesha ndani ya tumbo kwa ukubwa na kina, vidole vyake kwenye vishikio. Mikono ya mashine, iliyoingizwa kwa matundu yasiyofika sentimita moja, hufuata vidole vyake. Mtetemo wa mkono unachujwa. Vifaa vina kifundo kinachopinda zaidi ya kifundo cha binadamu. Daktari akiondoa mikono, mashine inasimama. Mgonjwa bado analala nusukaputi, bado ana vidonda, na bado kipande cha utumbo wake kinaondoka.

Kwa nini basi puru? Kwa sababu ya mahali ilipo. Iko chini kabisa ya nyonga, kwenye nafasi nyembamba kama shingo ya mtungi, na kwa mwanamume nafasi hiyo ni nyembamba zaidi. Pembeni zinapita neva za mkojo na za tendo la ndoa. Puru yenyewe imefunikwa na ganda la mafuta lenye matezi, na mwaka 1982 mpasuaji wa Kiingereza Bill Heald alieleza kwamba ganda hilo likitolewa zima, bila kuchanwa, saratani hurudi kwa wagonjwa wachache mno kuliko zamani. Wanaopasua samaki Dunga wataelewa haraka. Nyongo ikitoka nzima, samaki ni mtamu. Ikipasuka tumboni, umeharibu nyama yote. Kinachotafutwa ni mkono unaotoa bila kupasua, na roboti huusaidia mkono huo kufika mahali pa dhiki.

Je, husaidia kiasi gani? Utafiti uliotoka mwaka 2017 uliwalinganisha wagonjwa 471 katika nchi 10, wengine wakipasuliwa kwa roboti na wengine kwa matundu madogo ya kawaida yanayoshikwa kwa mkono. Waliolazimika kufunguliwa tumbo katikati ya oparesheni walikuwa asilimia 8.1 upande wa roboti na 12.2 upande wa pili, na tofauti hiyo haikutosha kusema kwa hakika kwamba roboti ni bora. Utafiti mkubwa zaidi kutoka China, wenye wagonjwa zaidi ya 1,100 na madaktari waliobobea, ulitoa matokeo yake mwaka 2025: ndani ya miaka mitatu saratani ilirudi mahali pale pale kwa asilimia 1.6 ya waliofanyiwa kwa roboti na asilimia 4.0 ya wengine. Kwa hiyo faida ipo, nami siibezi. Lakini tazama ukubwa wake. Ni wagonjwa wawili au watatu katika kila mia, mikononi mwa watu waliofanya kazi hiyo mara nyingi sana. Miezi tisa ya dawa ya kupaka humnyang'anya mgonjwa mengi kuliko hayo.

Upande wetu wa ziwa, saratani ya puru hupasuliwa kwa kufungua tumbo au kwa matundu madogo, na mpasuaji mzuri wa njia hizo mbili ni mtu wa kushukuriwa. Afrika Kusini imetumia roboti tangu mwaka 2013. Karibu zaidi nasi, Kigali, kituo cha mafunzo cha IRCAD Africa kilifunguliwa mwaka 2023 na kinafundisha madaktari upasuaji wa matundu na wa roboti. Ni tawi la taasisi ya Jacques Marescaux wa Strasbourg, yule ambaye mwaka 2001 alikaa New York akatoa kifuko cha nyongo cha mgonjwa aliyelala Ufaransa. Ninayo imani kwamba mashine itafika kwetu. Itakapofika, na hata ukiipata leo kwingineko, muulize daktari mwenyewe, si karani: wewe umepasua puru ngapi kwa mashine hii? Wangapi uliwafungua tumbo katikati? Ungenifanyia kwa mkono, ungebadilisha nini? Daktari mzuri hachukizwi na maswali hayo. Akikujibu kwamba mashine haikosei, toka.

Na kama shida yako ni bawasiri, mpasuko au jipu la njia ya haja, roboti haikuhusu kabisa. Anayekuuzia anakuibia. Puru inayotoka nje wakati wa haja, ambayo huwapata zaidi wanawake wenye umri mkubwa, wakati mwingine hurekebishwa kwa roboti, ila hurekebishwa vizuri pia bila hiyo. Na mama anayevuja kinyesi ukeni tangu uzazi mgumu ana fistula. Aulizie kambi za fistula kwenye hospitali ya rufaa, au Gynocare, Eldoret.

Wengi wa wanaotafuta roboti huishia kwa ajenti wa India. Huko mashine zipo na madaktari hodari wapo. Nimeona watu wakirudi wazima. Lakini ajenti hulipwa kwa kila kichwa, hivyo omba makadirio yaliyoandikwa na hospitali yenyewe, yenye jina la daktari, yanayosema kama mionzi imo, wiki ngapi, na msaidizi atalala wapi. Kisha uliza kitu ambacho karibu hakuna anayekiuliza: nani atafunga mfuko?

Maana baada ya upasuaji wa puru, hasa uvimbe ukiwa chini, utumbo hutolewa kwenye tundu tumboni na haja huingia kwenye mfuko unaobandikwa. Kwa wengi ni kwa miezi kadhaa, mpaka maungio ya ndani yapone. Kwa wachache ni maisha. Kuufunga ni oparesheni ya pili. Familia iliyomaliza pesa zote kwenye tiketi na roboti hubaki na mgonjwa aliyepona saratani na mfuko usiofungwa mwaka wa pili. Unaweza kufungwa hapa nyumbani, ukiwa na ripoti kamili ya oparesheni ya kwanza. Omba muuguzi akuwekee alama ya tundu kabla ya siku ya upasuaji, ukiwa umekaa, umesimama na umefunga mkanda au kanga yako ya kawaida, ili mfuko usiangukie kwenye mkunjo. Ngozi isafishwe kwa maji matupu, sabuni ya manukato hufanya mfuko usishike. Mvuvi asivute nyavu mpaka aruhusiwe, au utumbo utasukuma ukuta wa tumbo kuzunguka tundu na kutengeneza ngiri. Hata mfuko ukishafungwa, tarajia kwenda haja mara nyingi kwa siku, wakati mwingine ghafla, kwa miezi mingi. Hali hiyo hutokana na kukosa puru, na roboti haiiondoi.

Kuhusu pesa, bima ya afya ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, kwa hiyo shilingi za kwanza za harambee ziende huko, kabla ya nauli ya mtu yeyote. Usajili ni kwa *147#. Uliza hospitalini kiasi cha saratani kilichobaki kwa familia yenu mwaka huu, na uhakikishe idhini ya SHA imepatikana kabla ya tarehe ya kulazwa.

Na mgonjwa akipewa rufaa, kutoka ile hospitali ya rufaa ya Kisumu tunayoiita Russia au kutoka kwingine, msiondoke na barua peke yake. Bebeni picha za MRI kwenye diski, pamoja na ripoti yake. Bebeni majibu ya vipande. Tena nendeni maabara mkaombe kile kitalu kidogo cha nta ambamo kipande cha uvimbe kimehifadhiwa, pamoja na vioo vyake. Hutolewa kwa sahihi. Kifungeni kwenye bahasha, kiwekeni mahali pasipo na jua, kwa sababu nta huyeyuka kwenye dashibodi ya matatu. Huko mnakokwenda watataka kukitazama upya, na mkiwa nacho hawatamkata mzee mara ya pili.